Kikombe cha Kwanza ni cha Mwenye Nyumba

Baba yangu alikuwa na miandiko mitatu. Wa kwanza ulisimama wima, herufi zimejipanga kama wanafunzi mstarini, na ndio alioutumia ubaoni kwa miaka kumi na minne. Wa pili aliuandika kwa mkono wa kushoto. Ulilala chali, herufi moja kubwa nyingine ndogo, kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Wa tatu ulirudi kwenye mkono wa kulia, ukasimama tena, ila ulitetemeka mpaka siku alipokufa. Ninaweza kuitofautisha miandiko hiyo hata kwa neno moja. Nalisema hili mapema kwa sababu ni neno moja tu, lenye mwandiko mmojawapo, lililonifanya nikae niandike habari hizi. Nina hasira, sifichi.

Tuliishi Iramba, kwenye kijiji cha mwendo wa miguu kutoka Kinampanda. Baba alifundisha shule ya msingi. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba, akachukuliwa kwenye mafunzo ya ualimu ya harakaharaka ya wakati ule ambapo kila kijiji kilitakiwa kiwe na shule na walimu hawakutosha. Mama alitoka Manyoni, Mgogo wa karibu na reli. Walikutana baba alipopelekwa kule kwa mafunzo, na ndugu zake hawakumsamehe kamwe kwamba alitumwa kufuata cheti akarudi na mke. Nyumbani tulisema Kinyiramba, na mama alikisema vizuri kuliko baadhi ya wenyeji, lakini kila alipokosea neno moja shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alilirudia kwa sauti ili wote tulisikie.

Baba alikuwa mtu wa mambo mengi. Wanaume wenzake walikuwa na ng'ombe na alizeti, basi. Yeye alitaka kujua kila kitu. Redio ikiharibika kijijini ilikuja kwetu, akaifungua juu ya mkeka, akapanga vyuma vyake kwa mpangilio, akatukataza kupita karibu au hata kupiga chafya. Alipenda vinywaji kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine: chai ya mchaichai, maziwa mgando, togwa, maji ya ukwaju, pombe ya asali, hata maji ya visima mbalimbali, ambayo aliapa kwamba anaweza kuyatambua akiwa amefumba macho. Akipata soda moja aliigawa kwenye vikombe vya watu watano, akatuambia tufumbe macho tuseme tunaonja nini. Majibu aliyaandika kwenye daftari, tena kwa Kiingereza, maana Kiingereza nacho alikuwa anajifunza. Niliposoma daftari lile ukubwani nilikuta ameandika kwamba soda ya chungwa ni kinywaji chenye adabu sana. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, halafu yakaendelea kutoka.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, ndivyo watu walivyoiita, pale milango ya biashara ilipofunguliwa. Kwenye duka ambalo tulizoea kukuta chumvi, viberiti na muuzaji anayesinzia, ghafla kukawa na sabuni za kunukia, kaseti, betri za tochi za kila rangi, na mapipa ya plastiki ya bluu. Mitumba ikaja. Malori makuukuu yakaja pia, mengi yakafia kwenye mlima wa Sekenke, na betri zake zilizokufa zikawa zinatupwa tu. Baba alizikusanya. Kila Jumamosi alirudi na moja amefunga nyuma ya baiskeli, anatabasamu kama mtu aliyetoka kuoa.

Lakini ruksa ilikuja na maneno mengine. Ilisemekana kwamba serikali itapunguza wafanyakazi, na kwamba walimu wa darasa la saba ndio watakaotangulia kurudishwa nyumbani. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Baba alijiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, akawa anapokea masomo kwa njia ya posta. Vijitabu vilifika Kiomboi, naye akavifuata kwa baiskeli. Historia, Kiingereza, hesabu, na kemia, ambayo aliipenda kuliko yote. Kila neno gumu aliliandikia maana ya Kiswahili juu yake, kwa ule mwandiko wa wima. Sote tulijua kwamba mtihani ule ndio uliobeba nyumba. Asipofaulu, kazi imekwenda.

Sasa nieleze bomba.

Pombe ya asali tuliipika kwetu kama nyumba nyingi zinazofuga nyuki. Mama ndiye aliyeipika. Zamani ilichachukia kwenye vibuyu na mitungi, ikachotwa kwa kata. Baba akaona huo ni ushamba. Alinunua pipa moja la bluu, akaliweka juu ya kichanja katika chumba cha akiba, kisha akaamua kwamba wageni wa sebuleni wasingoje mtu aende kuchota, bali pombe iwafuate yenyewe. Akapasua zile betri za malori, akatoa risasi, ile metali iliyomo ndani, akaiyeyusha kwenye sufuria iliyokatika masikio huku mimi nikipepea mkaa. Alimwaga ule uji wa fedha juu ya mchanga uliolowa, ukatandazika, ukaganda. Risasi ni laini, inakunjika kama chapati. Akaizungushia nondo, akaigongagonga kwa nyundo, akaziba mshono kwa risasi ileile, akachomoa nondo. Likawa bomba refu kuliko mkono wangu. Alilipitisha kwenye tundu la ukuta wa matofali, ncha moja kwenye pipa, ncha ya pili sebuleni, na mwisho wake akafunga koki ya shaba aliyoipata Singida mjini.

Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kuona pombe ikitoka ukutani. Baba alisimama kando ya koki kama anayefundisha somo, akaeleza habari za mgandamizo wa vimiminika. Nilijisikia mtoto wa mfalme. Hata shangazi alicheka siku hiyo, na shangazi kucheka ilikuwa habari ya kutembezwa.

Kwetu pombe haipokewi hivihivi. Anayekukaribisha lazima anywe kwanza mbele ya macho yako, ndipo akupe. Tunaita kutoa sumu. Si kwamba watu wanatuhumiana kila siku. Ni heshima tu, kama kuvua kofia. Lakini nyuma ya heshima hiyo kuna hofu ya zamani, na asiyeonja hata rafiki yake hanywi kwake. Desturi ni kwamba aliyeipika ndiye aonjaye, kwa hiyo siku zote mama ndiye aliyetoa sumu kwetu. Baada ya bomba, baba akaichukua kazi hiyo. Bomba ni lake, alisema, naye ndiye atakayelijibia.

Basi kila siku saa kumi, akitoka shuleni, wageni wawili watatu wakiwa wameketi, alifungua koki akajaza kikombe cha bati mpaka ukingoni. Akakiinua. "Cha kwanza ni cha mwenye nyumba," akasema, akakimaliza chote. Halafu akajipangusa mdomo akaongeza maneno ambayo wageni waliyazoea mpaka wakawa wanayasema pamoja naye: "Na cha kwanza ndicho kitamu."

Walidhani ni utani wa mtu mchoyo. Ulikuwa ukweli mtupu. Kilikuwa kitamu kuliko vilivyofuata, na mtu aliyejua kutambua maji ya visima kwa ulimi asingekosea.

Msimu wa kwanza ulipita salama. Wa pili, baba akaanza kulalamika tumbo. Lilimnyonga akajikunja kwenye kiti, jasho likamtoka, halafu likaachia. Choo kikawa shida. Akawa mkali. Yeye ambaye hakuwahi kunipiga alinizaba kofi kwa sababu niliuliza kama redio ya jirani imepona. Mama aligundua mstari wa bluu kwenye ufizi wake, kama wa mtu aliyekula zambarau, akamwambia asugue meno kwa mkaa. Alisugua, mstari haukutoka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na niliogopa ule mstari kuliko nilivyoogopa fisi. Nilikuwa namvizia anapocheka ili niuangalie, na siku hizo alikuwa hacheki sana.

Kisha ikaja siku ya chaki. Nilikuwa darasani kwake. Aliandika tarehe, akaandika neno moja la somo, na chaki ikaanguka. Aliokota, ikaanguka tena. Darasa likacheka. Baba akainua mkono wa kulia atuonyeshe kwamba hapana kitu, na mkono uliinuka mpaka kwenye kifundo tu. Kiganja chenyewe kilining'inia kama kichwa cha kuku aliyechinjwa. Alikitazama kama si chake. Hakuna aliyecheka tena.

Tabibu wa zahanati alimpinda vidole, akamgonga kiwiko, akamuuliza kama anakunywa. Baba alijibu kwamba anakunywa vikombe viwili kwa siku, tena vya asali. Tabibu akasema ni mishipa ya fahamu, imechoka, akampa vidonge vya vitamini. Pale zahanati hapakuwa na cha zaidi. Mtihani ulikuwa umebaki miezi minane.

Baba hakulia. Aliketi mezani, akaweka kalamu kwenye mkono wa kushoto, akaanza a, e, i, o, u. Nilikaa naye kila jioni nikimshikia karatasi isiteleze, kwa sababu kiganja cha kulia hakikuweza hata kazi hiyo. Mwalimu wa watu wazima na watoto, anajifunza herufi upya na kutoa ulimi kando ya mdomo kama mimi nilivyotoa nikiwa mdogo. Ndipo ulipozaliwa mwandiko wa pili. Nilimpenda sana miezi ile. Mpaka leo nikikumbuka nampenda, na hilo ndilo linaloniudhi.

Shangazi hakukubali habari za mishipa. Mkono wa mtu hauanguki wenyewe, alisema. Alikaa uani kwetu, miguu ameinyoosha, akasema bila kumtazama mama, "Kikulacho ki nguoni mwako. Kaka yangu anakula kwa nani? Anakunywa kwa nani?"

Mama alikuwa anapepeta mtama. "Wifi, kama una neno na mimi, niambie mimi," alisema.

"Sina neno. Nauliza tu. Nani anapika hiyo pombe?"

"Mimi. Nimeipika miaka kumi na mitatu."

"Ndiyo hivyo basi," alisema shangazi, akainuka, akajikung'uta kanga.

Maneno ya namna hiyo yakishatoka hayarudi kinywani. Wageni wakapungua. Waliokuja walikitazama kikombe kabla ya kunywa. Mama aliona yote. Siku moja saa kumi, baba alipojikokota kwenda kwenye koki, mama alimtangulia. Alifungua mwenyewe, akajaza kikombe, akasimama katikati ya sebule mbele ya wazee watatu na shangazi, akanywa chote. Akakigeuza kikombe chini juu ili waone.

"Kuanzia leo kikombe cha kwanza ni changu," alisema. "Kila siku. Mwalimu atakunywa baada yangu. Kama kuna sumu, itaniua mimi kwanza."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Hilo lilikuwa jambo la haki, la kidesturi. Mama alilamba midomo, akamgeukia baba, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akatabasamu. "Kumbe ni kweli," alisema. "Cha kwanza ni kitamu."

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua maharage, na nilifurahi kwa sababu nilidhani mambo yamekwisha.

Mama hakukosa hata siku moja. Wageni wawepo wasiwepo, saa kumi alifungua koki, akanywa, akamwita yeyote aliye karibu awe shahidi. Baba akanywa cha pili, halafu mara nyingi akakiacha nusu. Miezi mitatu ikapita, na asubuhi moja baba akatuita wote chumbani. Aliweka mkono wa kulia mezani, akakunja uso, na kidole cha shahada kikanyanyuka. Kidogo tu, kama kinaomba ruhusa. Tulipiga vigelegele. Wiki zilizofuata kiganja kikaanza kufuata, na tumbo likamtulia, na akawa anaweza kuuliza habari za redio za watu.

Mama ndiye aliyeanza kujikunja. Alishika tumbo shambani, akasema ni mimba, maana alikuwa na mimba ya miezi minne. Akapauka. Jioni alikaa gizani akisema mwanga unampasua kichwa. Asubuhi moja alimwaga uji wote chini kwa sababu mwiko ulimtoka mkononi, akautazama ule mwiko kwa jinsi ileile baba alivyoitazama chaki. Niliokota, nikampa. Nilitamani nimwite mtu, lakini mtu wa kumwita hakuwepo. Wote walikuwa upande mwingine wanashangilia kidole cha baba.

Mimba ilitoka siku ya mnada. Alikuwa mtoto wa kiume. Shangazi alikuja na wanawake wawili wakafanya yote yanayotakiwa, kwa upole, siwezi kumsingizia. Lakini alipokuwa ananawa mikono nje alisema, na nilimsikia, "Mnaona? Tangu alipoanza kuonja mbele ya watu hajapata nafasi ya kutia. Kaka anapona. Na ile aliyoitengeneza imemrudia mwenyewe tumboni."

Tatizo la maneno yake ni kwamba yalipangika. Baba alikunywa kwanza, akaugua. Mama akaanza kunywa kwanza, baba akapona, mama akaugua. Hata mimi, binti yake, nililala nikiyageuza maneno yale nitafute pa kuyapasulia, nikakosa.

Ukoo uliitisha kikao Jumapili baada ya ibada. Siku tatu kabla yake, niliporudi kutoka kisimani, nilikuta tundu la ukutani sebuleni limezibwa kwa udongo mbichi. Koki haipo. Bomba halipo. Baba alikuwa ananawa udongo mikononi, wa kushoto ukiuosha ule wa kulia.

"Bomba liko wapi, baba?"

"Lilikuwa linavuja," alisema.

Halikuwa linavuja. Mimi ndiye niliyefagia pale kila asubuhi. Lakini nilikuwa na mengine ya kuogopa, sikuuliza tena.

Kikaoni wazee walikaa kwenye viti, wanawake chini kwenye mikeka. Mama aliwekwa peke yake, mkono wa kulia ameulaza pajani kama mtoto aliyesinzia. Walimuuliza, akajibu alichokijibu siku zote. Kisha shangazi akasema niitwe mimi. Nilisimama, nikawaamkia shikamoo wazee wote mmoja mmoja, kwa sababu hata siku kama ile hilo halirukwi.

"Sema kweli, mama," shangazi aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya upendo. "Pombe ya baba yako alikuwa anaipika nani?"

"Mama."

"Na tangu mama yako aanze kuonja kwanza, baba yako amekuwaje?"

Nilimtazama baba. Aliketi kwenye kiti chake, kichwa ameinamisha, mikono yote miwili kati ya magoti. Nilimngojea. Nilidhani mwalimu atanisahihisha, kama alivyonisahihisha hesabu. Hakuinua uso.

"Amepata nafuu," nilisema.

Ilikuwa kweli. Mama alinitikisia kichwa kidogo, kama kusema umejibu vizuri, kaa chini.

Hawakumpiga, hawakumtukana. Walisema arudi kwao apumzike mpaka mambo yatulie, na kila mtu alijua maana yake. Asubuhi ya safari shangazi alikuwa amekaa uani kuhakikisha. Mama alitupikia chai sisi watoto watatu. Kabla ya kutupa, alichukua kikombe cha kila mmoja, akanywa funda, akatupa. Kile cha mwisho kilikuwa cha mdogo wangu wa miaka mitatu. Alikiinua kwa mikono miwili maana mmoja haukutosha, akamtazama shangazi, akanywa, akampa mtoto. Halafu akachukua mzigo wake. Baba alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi peke yake.

Baba alifanya mtihani wake akiandika kwa mkono wa kulia unaotetemeka. Alifaulu. Kemia ndiyo aliyopata alama nzuri kuliko masomo yote. Hakupunguzwa kazini, na baadaye akawa mwalimu mkuu. Hakupika pombe tena, hakuoa tena ingawa shangazi alimletea wanawake wawili, na daftari la vinywaji hakuligusa. Alikunywa maji tu. Likizo alituruhusu kwenda Manyoni bila ubishi, na kila mara alitufungia chupa ya asali ya kumpelekea mama. Hakuwahi kuandika barua ya kuiambatanisha.

Alikufa miaka michache iliyopita. Wadogo zangu waligawana vyuma vya redio, mimi nikachukua sanduku la vitabu, kwa kuwa nami ni mwalimu. Nilikaa na vijitabu vile vya posta jioni moja nikitafuta utani wake wa Kiingereza. Kwenye kijitabu cha kemia, sehemu ya metali, kulikuwa na aya fupi inayosema kwamba risasi huyeyuka polepole kwenye vimiminika vichachu, kwamba hufanya vitu vyenye ladha tamu, na kwamba ni sumu inayojikusanya mwilini na kudhuru mishipa na watoto walioko tumboni. Chini ya aya hiyo kulikuwa na mstari wa kalamu. Pembeni kulikuwa na neno moja: bomba.

Nilimuuliza daktari ninayemfahamu, akanieleza. Pombe ya asali ni chachu. Iliyobaki ndani ya bomba tangu jana ililala na risasi usiku kucha na mchana wote, na yeyote aliyefungua koki kwanza alikunywa ile. Vikombe vilivyofuata vilitoka kwenye pipa moja kwa moja, havikuwa na ubaya mwingi. Kwa hiyo desturi ya kutoa sumu ilimchagua mtu mmoja kila siku, ikampa sumu yote. Kwanza baba, kisha mama, kwa hiari yake, ili asafishe jina lake.

Hilo ningeweza kulibeba. Kutokujua si dhambi, na baba alitaka tu pombe iwafuate wageni. Lakini neno lile pembeni halikuwa la wima, wala halikutetemeka. Limelala chali, b yake kubwa, o yake ndogo. Ni la mkono wa kushoto. Aliliandika kabla ya kalamu kurudi kulia, wakati mama bado yuko nyumbani. Aliliandika, akaenda kung'oa bomba akaziba tundu kwa udongo, na siku tatu baadaye akakaa kikaoni na mikono kati ya magoti, akaniacha mimi nijibu.

Najua kwa nini. Angesimama mbele ya dada yake na wazee wote aseme kwamba aliyeitia sumu nyumba ile ni yeye mwenye elimu, na kwamba aliyemuua yule mtoto wa kiume ni yeye. Maneno hayo ni mazito. Lakini mama aliyabeba yaliyo mazito kuliko hayo kwa miaka thelathini, na kwa mkono mmoja.

Nilikipeleka kijitabu Manyoni. Mama anaishi kwenye nyumba ndogo nyuma ya stesheni, anauza karanga. Majirani walinipokea kwa mbukwenyi, salamu ya Kigogo, kama kawaida, wajukuu wakanivamia. Wanapenda kumcheka bibi yao: anakunywa soda za watu, wanasema, huwezi kupewa chupa mpaka yeye ameipunguza. Niliwatoa nje, nikafungua ukurasa, nikamsomea, nikamweleza bomba kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nilimwambia hakuna aliyekuwa na haki ya kumtilia shaka. Nilimwomba msamaha kwa jibu langu la siku ile.

Alikivuta kijitabu karibu na macho. Hakuitazama ile aya. Alilitazama lile neno pembeni, muda mrefu, akalipitishia kidole.

"Huu ni wa mkono wa kushoto," alisema.

"Ndiyo, mama."

Alikifunga, akanirudishia. Nilingoja alie, au amtukane marehemu, na nilikuwa tayari kumsaidia kwa lolote katika hayo mawili. Alisema tu kwamba nimetoka mbali, lazima nina kiu. Akainuka, akamimina chai kwenye kikombe kimoja. Mkono wake wa kulia haukuwahi kupona sawasawa, kwa hiyo alikishika kwa yote miwili. Akakileta mpaka mbele yangu, akasimama, akanitazama machoni, akanywa funda la kwanza, ndipo akanipa.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Hakina kitu."